Jinsi ya kurekebisha michoro ya ghorofa la makazi kabla ya kujenga: mwongozo kamili

Karibu kila anayetaka kujenga ghorofa la familia nyingi Dar es Salaam hufika mahali pamoja: michoro ya kwanza imepita mikononi mwa wengi na imerudi imejaa maoni. Afisa mipango miji ana lake, zimamoto wana lao, benki inataka gharama ishuke, na ndugu mmoja mwenye hisa kwenye kiwanja cha urithi anataka ghorofa moja zaidi. Jengo zuri huharibikia hapo, kwa sababu kila oni linajibiwa peke yake, kwa haraka, na lililo jepesi linaanza kabla ya lililo zito. Utaratibu ninaoueleza hapa unakwenda kinyume na hapo: kwanza sheria ya kiwanja, kisha nguzo, ngazi na mabomba, halafu hewa na vyumba, na rangi mwisho kabisa.

Tutatumia mfano mmoja wa kufikirika. Kiwanja ni cha mita 40 kwa 40, yaani mita za mraba 1,600. Jengo lina maegesho chini na ghorofa nne juu yake, kila ghorofa ina mita za mraba 600 na fleti sita za mita 82. Jumla ni fleti 24. Ukihesabu watu watano kila fleti, hao ni watu 120 chini ya paa moja, na kila mstari utakaousogeza utawagusa.

Hatua ya 1: Kusanya maoni yote, kisha ndipo uchore

Weka tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, na kabla ya tarehe hiyo mtu asiguse mchoro. Waulize halmashauri, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, DAWASA (maji na majitaka) na TANESCO (umeme). Kama mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, waulize pia NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Waulize mhandisi wa miundo, fundi mkuu wa mabomba na mkadiriaji majenzi, yaani anayepiga hesabu ya gharama za ujenzi. Wamiliki wote waulizwe kwa maandishi, hata yule ndugu aliyeko Muscat au London. Ridhaa ya kwenye simu haisaidii kitu siku ya mgogoro.

Waulize na watakaokaa humo. Kama wanunuzi hawajapatikana, nenda kwenye maghorofa ambayo tayari yana watu. Magomeni Kota mpya, zilizojengwa kwa ajili ya kaya 644, ni mahali pazuri pa kuanzia. Angalia wapi nguo zinaanikwa, wapi watoto wanacheza, ndoo za maji zimewekwa wapi, na mgonjwa anashushwaje. Mama aliyepika miaka mitatu kwenye jiko dogo la ghorofani atakwambia jambo ambalo ofisi nzima ya wabunifu haikuliona.

Yote yaandike kwenye daftari moja la maoni: namba, nani kasema, mchoro upi, anataka nini, jibu letu, nani anafanyia kazi. Gawa maoni mafungu matatu: yale ambayo sheria inalazimisha, yale ya usalama, na matakwa. Mawili ya kwanza hayapigiwi kura. La tatu ndilo la kujadiliana, na ni vizuri kila mtu alijue hilo mapema ili kikao kisigeuke mnada.

Kisha tafuta maoni yanayogongana. Mfano wa kawaida: zimamoto wanataka njia ya gari lao pembeni mwa jengo, na mwenye mradi ameshaweka magari sita palepale. Mambo kama haya yamalizwe kwenye kikao kimoja, wote wakiwa mezani.

Hatua ya 2: Hesabu kiwanja upya

Toa hati miliki na masharti ya eneo, usome kama ndiyo mara ya kwanza. Mambo ya kutazama ni matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo, uwiano wa jumla ya sakafu kwa eneo la kiwanja, umbali kutoka kila mpaka, na idadi ya ghorofa. Kama hati inasema makazi ya familia moja, marekebisho yako ya kwanza si ya mchoro bali ni maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na majirani watapewa nafasi ya kusema lao.

Sasa rudi kwenye mfano. Tuseme masharti yanaruhusu uwiano wa 1.5. Kiwanja cha mita 1,600 kinabeba sakafu za mita 2,400. Ghorofa zetu nne za mita 600 zimeshamaliza zote. Yule ndugu anayetaka ghorofa ya tano anaomba mita 3,000, yaani uwiano wa 1.88 hivi. Jibu lake linatoka kwenye hesabu hii, na ukimwonyesha kwa namba hatadhani unambania. Uliza pia kama maegesho ya chini yanahesabiwa kwenye uwiano. Jibu la afisa liandikwe na liingie kwenye daftari.

Magari nayo yana hesabu yake. Gari moja, ukijumlisha nafasi yake na njia ya kugeuzia, hula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 24 kwa mita 27 ni karibu mita 650, na sakafu yako ya chini ina mita 600, ambazo humo kuna ngazi, lifti, chumba cha umeme na cha mlinzi. Maana yake magari kadhaa yatakaa nje uani, na uani ndiko pia unakotaka miti, watoto na shimo la majitaka. Ukiongeza fleti sita, magari yanafika mita 810. Hapo ndipo watu wengi wanapotambua kwamba kinachopanga idadi ya fleti si urefu wa jengo, ni ardhi ya chini.

Kwa viwanja vya karibu na bahari au mito, kama bonde la Msimbazi, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pima mwenyewe na mpima ardhi, usitegemee mstari wa ramani ya zamani. Na kama uko njia ya ndege, upande wa Kipawa na majirani zake, urefu wa jengo una kauli ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Hatua ya 3: Nguzo, ngazi, lifti na mabomba

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Vitu hivi vinne vinapita ghorofa zote kutoka chini hadi juu, kwa hiyo ukikosea kimoja umekosea mara nne.

Anza na nguzo. Nafasi ya gari moja ni mita 2.5. Nguzo yenye unene wa sentimita 40, ukitaka magari mawili yakae kati ya nguzo na nguzo, inahitaji mita 5.4 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Michoro mingi huanza na nguzo zilizopangwa kwa kufuata vyumba vya juu, tuseme kila mita 4.5. Inabaki mita 4.1 za wazi: magari mawili hayaingii, moja linaacha nafasi ya bure. Kwenye jengo zima unapoteza nafasi nyingi namna hiyo. Kwa hiyo pangilia nguzo kwa magari kwanza, kisha uone vyumba vinakaaje. Mita 5.4 inatoa sebule nzuri, au vyumba viwili vyembamba vya watoto, na ukuta wa kugawa unaweza kukaa popote kwa sababu ni tofali tu.

Kila ukisogeza nguzo, mhandisi wa miundo apige hesabu upya, kuanzia msingi. Usikubali neno «itabeba tu». Upimaji wa udongo uliofanyika kwa ajili ya ghorofa nne hauhalalishi ya tano. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo la Kariakoo lilianguka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Huruma, Nairobi, Aprili 2016, jengo la makazi lilifukia familia zikiwa ndani. Anayeomba nguzo iondolewe ili duka lionekane vizuri aelezwe jambo hili bila kuficha.

Ngazi hudhaniwa ni kitu kidogo. Chukua kimo cha mita 3.0 kutoka sakafu hadi sakafu: vidaraja 18 vya sentimita 16.7, ukivigawa mikono miwili ya vidaraja tisa. Mtu mzima anapanda bila shida, na bibi anapanda akipumzika katikati. Sasa anakuja mtu wa mabomba, anasema anataka nafasi zaidi juu ya dari, na kimo kinakuwa mita 3.3. Ukibaki na vidaraja 18, kila kimoja kinafika sentimita 18.3, na hiyo ni ngazi ya kuchosha na ya kuangusha watoto. Ukienda vidaraja 20 vya sentimita 16.5, kila mkono unaongezeka kidaraja kimoja, sentimita 28 kwa urefu. Hizo 28 lazima zitoke mahali: ama kibaraza cha katikati kinabanwa hadi kitanda cha mgonjwa au jeneza havigeuki, ama chumba cha jirani kinakatwa. Tena jengo zima limepanda mita 1.2, na kuta, plasta na mabomba ya kusimama vimeongezeka. Oni moja la dari limefika kwenye sharti la urefu na kwenye mfuko wa mwenye jengo. Kwa hiyo kila oni fuatilia nyayo zake mpaka mwisho kabla ya kulikubali.

Mabomba yapangwe vyoo juu ya vyoo, majiko juu ya majiko. Fleti ya ghorofa ya tatu yenye choo juu ya sebule ya ghorofa ya pili ni ugomvi wa maisha. Shimo la mabomba, yaani uwazi wa wima yanamopita, liwe na mlango kwenye korido, fundi aingie bila kumgongea mtu usiku.

Hatua ya 4: Hewa na jua

Dar es Salaam ina joto na unyevu, na bili ya kiyoyozi humuumiza mpangaji mwezi kwa mwezi. Pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini. Upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki, wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki. Kila fleti iwe na madirisha pande mbili ili hewa ipite. Fleti iliyobanwa katikati, yenye dirisha upande mmoja tu, itakuwa tanuri, na hilo halitibiki baada ya kujenga.

Kivuli kina vipimo. Juni, saa sita mchana, jua letu liko upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 juu ya upeo wa macho. Dirisha la kimo cha mita 1.5 linahitaji kipaa kilichotokeza karibu sentimita 90 ili lifunikwe lote. Desemba jua linahamia kusini, nyuzi kama 73, na hapo sentimita 45 zinatosha. Michoro mingi inaweka vipaa vya kipimo kimoja pande zote, upande mmoja ukaungua na mwingine ukatumia zege bure. Magharibi kipaa hakisaidii kitu kwa sababu jua la jioni linaingia limelala. Weka huko ngazi, vyoo, stoo, au ukuta wa matofali ya matundu.

Kuna oni moja nitalipinga siku zote: kuziba uwazi wa hewa katikati ya jengo ili ipatikane fleti ya ziada kila ghorofa. Kwenye karatasi ni faida ya fleti nne. Kwenye maisha ya watu ni majiko yasiyo na dirisha na vyoo vinavyonuka ghorofa nzima.

Hatua ya 5: Ndani ya fleti

Chora fenicha kwa vipimo vyake halisi: kitanda cha futi sita kwa sita, kabati, kochi, jokofu, mtungi wa gesi. Mlango wa chumba ukigonga kitanda utaliona hapo hapo.

Jiko liwe na kibaraza cha nyuma chenye hewa. Familia nyingi zina gesi lakini maharage na makande bado huchemka kwa mkaa, na moshi wa mkaa kwenye jiko lililofungwa unaua. Kibaraza hicho ndicho pia cha kuanikia na kufulia, na mtungi wa gesi ukae huko. Choo cha wageni kiwe karibu na sebule ili mgeni asipite vyumbani. Na mahali fulani kwenye jengo, chini au juu ya paa, pawe na eneo la wazi la kukusanyikia. Msiba ukitokea ghorofa ya tatu watu watakuja zaidi ya mia. Wasipopangiwa mahali watakaa kwenye ngazi.

Hatua ya 6: Maji, majitaka na mvua

Watu 120 kwa lita 100 kila siku ni lita 12,000. Akiba ya siku mbili ni lita 24,000. Weka sehemu kubwa kwenye tangi la chini na ndogo juu ya paa, kwa sababu lita 10,000 ni tani 10 na mhandisi lazima ajue zinakaa juu ya nguzo zipi. Tangi likiongezwa baadaye bila yeye kujua, ni mzigo ambao haukuhesabiwa.

Maeneo mengi ya jiji hayana bomba la majitaka, kwa hiyo shimo lako lichorwe na si kuachiwa fundi. Liwe mbali na tangi la maji la chini, na gari la kunyonya lifike bila kuhamisha magari kumi. Pale maji ya ardhini yako juu, kama sehemu za Mikocheni na Kigamboni, shimo la kunywea, lile linaloachia maji yazame ardhini, hujaa wakati wa masika. Waulize wataalamu mapema kuhusu mfumo mwingine.

Paa la mita 600 likipokea mvua ya milimita 50 linamwaga lita 30,000. Onyesha kwenye mchoro zinakwenda wapi. Zikienda kwa jirani, pingamizi lake ni la haki.

Hatua ya 7: Moto

Fupi na lisilojadiliwa: kutoka mlango wa fleti mtu aweze kufika chini bila kupita palipojaa moshi. Korido isiishie ukutani bila njia ya kutokea. Milango ya kutokea ifunguke kuelekea nje, na ngazi itenganishwe na maegesho kwa ukuta na mlango unaozuia moto, kwa sababu gari likiwaka chini moshi hupanda ngazini. Halafu nondo za madirisha: kila fleti iwe na angalau dirisha moja ambalo nondo zake mtu aliye ndani anaweza kuzifungua. Liandike kwenye mchoro, la sivyo fundi wa grili atachomelea yote.

Hatua ya 8: Gharama ipande au ishuke kwa maandishi

Mkadiriaji majenzi apitie kila badiliko kabla halijakubaliwa, si baada ya seti nzima kukamilika. Benki ikitaka gharama ishuke, punguza kwanza vigae vya kifahari, dari za urembo, vioo vikubwa vya mbele na maumbo yaliyopinda. Usipunguze nondo, kina cha msingi, kinga ya maji kwenye paa na vyoo, wala ukubwa wa mabomba. Cha kwanza mtu anaweza kukiongeza baada ya miaka mitano. Cha pili hakiongezeki tena.

Kama fleti zimeshauzwa zikiwa kwenye karatasi, na marekebisho yamepunguza ukubwa kutoka mita 82 hadi 78, kila mnunuzi akubali kwa maandishi. Umiliki wa fleti chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo unategemea mipaka ya kila sehemu na maeneo ya pamoja, kwa hiyo maegesho, paa na uani viandikwe ni vya nani kabla mpima hajaja.

Hatua ya 9: Toleo la michoro

Kila seti inayotoka ofisini iwe na herufi ya toleo, tarehe na jina la aliyeihakiki. Kila palipobadilika pazungushiwe mstari wa mawimbi, kama wingu, wenye herufi hiyo, na jedwali la pembeni lieleze kwa sentensi moja kilichobadilika na namba ya oni kwenye daftari. «Marekebisho ya jumla» si maelezo. Michoro ya mbunifu, ya miundo, ya umeme na ya mabomba itoke ikiwa na tarehe zinazolingana. Kabla ya kusaini, weka mchoro wa miundo juu ya wa mbunifu kwa kipimo kilekile, ghorofa kwa ghorofa, na utafute nguzo iliyosimama katikati ya mlango. Hutokea kuliko watu wanavyofikiri.

Michoro isainiwe na wataalamu waliosajiliwa na bodi zao, ya wabunifu na wakadiriaji majenzi na ya wahandisi. Unapoirudisha halmashauri, ambatanisha barua inayojibu kila oni kwa namba: mlisema hivi, tumefanya hivi, tazama mchoro namba fulani. Afisa akipata barua ya namna hiyo hahitaji kutafuta, na majibu huja mapema. Kama cheti cha mazingira kilitolewa kwa fleti 24 na sasa zimekuwa tofauti, NEMC wajulishwe kabla ya ujenzi.

Hatua ya 10: Funga michoro

Wamiliki wote wasaini kila ukurasa wa seti ya mwisho. Kuanzia hapo, badiliko lolote linakuwa ombi la maandishi lenye gharama yake, siku zake na saini ya mhandisi. Linalogusa muundo, urefu, idadi ya fleti au umbali wa mpaka linarudi halmashauri kabla fundi hajashika koleo.

Siku ya kukabidhi eneo kwa mkandarasi, kusanya nakala zote za matoleo ya zamani, kwenye karatasi na kwenye simu za mafundi, uzifute au uzigonge mhuri wa kubatilishwa. Seti yenye mhuri wa kibali ibaki kwenye ofisi ya eneo la ujenzi, mahali pakavu, pamoja na daftari la maoni. Mkaguzi akija akauliza kwa nini nguzo namba fulani imehama, msimamizi afungue ukurasa na kumwonyesha.